Plagi Iliyonukia Mawese

Mtoto wa Katonga, hapa Kigoma, wa wakati wetu hakununuliwa kitu cha kuchezea. Alikiokota. Nyinyi wa rika langu mtanishuhudia. Vifuniko vya soda vilikuwa magurudumu, soksi iliyotoboka kisigino ilikuwa mpira wa rede, na gunzi la mahindi likivalishwa kipande cha kitenge lilikuwa mtoto mwenye jina na ukoo. Lakini sisi wa ufukweni tulikuwa na kitu kimoja ambacho watoto wa huko juu mjini hawakuwahi kukipata: plagi. Plagi kuukuu za mashine za boti, zile ambazo fundi akishafunga mpya alizirusha nyuma ya banda lake bila kutazama zinaangukia wapi. Yeye hakutazama. Sisi tulitazama.

Nikifumba macho sasa hivi, asubuhi ile inarudi yote. Wavuvi wanarudi na karabai zimezimwa lakini bado za moto, kina mama wameingia na ndoo mpaka maji yamewafika magotini, dagaa wanamwagwa mchangani wanametameta, na sisi watoto tumepewa kazi ya kufukuza kunguru. Ukitoka hapo unanawa ziwani, unakunywa uji wa muhogo unaokuunguza ulimi, unakimbilia shule na mchanga bado umo katikati ya vidole. Mwalimu wa zamu alitukagua kucha, masikio na kola. Akiona gamba la samaki kwenye shati anakuuliza, "Wewe umekuja kusoma au umekuja kuuzwa?" Darasa zima linacheka, na wewe unacheka, kwa sababu kesho ni zamu ya mwingine.

Na chakula! Ugali wa muhogo uliosongwa ukalainika, maharage, sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa mpaka kinu kikalia. Siku baba akirudi na kitoweo cha maana, mama alikaanga migebuka, samaki wetu wa ziwani, kwa mawese. Mnaijua harufu ile. Mawese mekundu yakishika moto hayaombi ruhusa ya mtu. Harufu inapanda ukuta, inapita msikitini, inapita kanisani, inamwambia mtaa mzima kwamba leo kwa akina Zainabu wanakula vizuri. Zainabu ndiye mimi. Siku hizi mnaniita Mama Tatu.

Basi, plagi. Kwanza ilikuwa uzito wa mshipi. Ina shingo ya kufungia uzi, ni nzito, ukiirusha kutoka kwenye mawe ya Bangwe inazama moja kwa moja na ndoana nyuma yake. Mtoto mwenye plagi aliheshimiwa. Lakini utamu wake hasa ulikuwa kwenye mchezo tuliouita Ya Nani. Mmoja anaficha plagi nyuma ya mgongo, anaitoa ghafla mbele ya pua yako, anauliza, "Ya nani?" Wewe unaiangalia, unainusa, halafu unataja imetoka kwenye boti ya nani. Ukipatia, ni yako. Ukikosea, unambeba mwenzio mgongoni mpaka kwenye maji, na yeye akitaka anakuzamisha.

Mwamuzi wetu alikuwa fundi mwenyewe. Jina lake Maulidi. Wakati huo alikuwa kijana, ndevu ndio kwanza zinachomoza, tambara begani, anaimba huku anafungua nati. Maboti yote ya pale aliyajua kwa plagi zake kama mama anavyojua watoto wake kwa kikohozi. Akisikia tunabishana alitoka bandani, akaichukua plagi, akaielekeza juani. Ikiwa nyeusi kavu kama masizi ya sufuria, mashine inanyweshwa petroli kuliko hewa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, inaungua kwa moto mwingi. Ikiwa nyeusi na imelowa, mwenyewe amezidisha oili au mashine inaumwa ndani. Na ikiwa ya kahawia, rangi ya karanga iliyokaangwa ikaiva sawasawa, Maulidi aliipiga busu na kusema, "Hii mashine ni nzima. Mwenyewe alale usingizi."

Siku moja rafiki yangu Nestori, mtoto wa Kiha wa nyumba ya pili, aliokota plagi nyeusi, imelowa. Akainusa, akaruka.

"Mawe!" Ndiyo mama wee ya kwao. "Inanuka jikoni kwetu!"

Tulimcheka mpaka tukakaa chini. Maulidi akaja, akainusa, hakucheka.

"Nestori amepatia. Hii imekunywa mawese. Ni ya Mzee Bilali wa Ilagala."

Mzee Bilali alileta mawese mjini kwa boti yake. Madumu yakishakuwa matupu, aliyajazia petroli ya safari ya kurudi. Sasa dumu la mawese, hata ulioshe vipi, haliishi mawese. Asubuhi ya baridi yale yaliyobaki yanaganda pembeni, jua likipanda yanayeyuka, yanakwenda na petroli mpaka ndani ya mashine. Maulidi aliifuta ile plagi, akaiacha ikauke, akaibana kwa koleo na kuipitisha juu ya jiko la mama mmoja muuza mihogo. Harufu iliyotoka! Utadhani mgebuka umo ndani ya chuma.

"Kumbukeni hii," alituambia. "Fundi mwongo ataiona imelowa atawaambia mashine imekufa. Haijafa. Imekula chakula cha watu."

Mimi nilikumbuka. Aliyesahau ni yeye.

Sasa niingie kwenye lile lililonikalia kooni miaka yote hii, na majina nitayataja, kwa sababu wakati ule tulifundishwa kuficha majina ya wakubwa na nimeona faida yake ilikwenda kwa nani. Baba alifariki kwa homa nikiwa darasa la nne. Alituachia boti na mashine yake. Mama akaingia eda. Mnajua eda ya wakati ule: mama alikaa chumbani nyuma ya pazia, haoni watu, hatoki, hata ukelele wa ufukweni aliusikia kwa mbali. Mwenye kusimamia mali akawa baba mdogo Sadiki, mdogo wake baba. Akasema mashine inasumbua, akaipeleka kwa Maulidi.

Mimi nilikuwepo pale bandani. Nilimwona Maulidi anafungua plagi ya mashine ya baba, nikamwona anatazamana na baba mdogo, nikamwona anairusha nje kwa haraka, tofauti na siku zote. Niliikimbilia. Ilikuwa ya kahawia. Karanga iliyoiva. Kwa sheria za mchezo wetu, alizotunga yeye mwenyewe, mwenye mashine ile alitakiwa alale usingizi.

Jioni wakaja nyumbani wote wawili. Maulidi alisimama upande wa huku wa pazia, akasema kwa sauti ya msiba, "Shemeji, pole. Mashine imekufa." Baba mdogo akakohoa, akasema atajitolea kuichukua kama chuma chakavu ili asimwongezee mjane usumbufu. Nikajipenyeza ndani nikamwonyesha mama ile plagi. "Mama, tazama, ni ya kahawia. Nzima hii!" Mama alinifinya paja mpaka machozi yakanitoka. "Nyamaza! Wakubwa wakisema, mtoto unafunga mdomo." Upande wa pili wa pazia nikamsikia Maulidi anacheka kidogo, "Huyu binti anataka kuwa fundi."

Eda ilipokwisha, siku ya kwanza mama anashuka ufukweni, tulisikia mashine inakuja kutoka upande wa Bangwe. Wakati ule kila familia ilijua sauti ya mashine yake. Mama alisimama, ndoo mkononi. "Ile yetu," alisema. Ikapita mbele yetu inanguruma kwa afya, baba mdogo Sadiki amesimama juu ya boti na kofia mpya, hakugeuza shingo. Mama akainamisha kichwa, akaendelea kuchota maji kana kwamba amesikia upepo. Muda si mrefu mimi na shule tukaagana. Sare ilichanika, na pesa ya kushona nyingine haikuwepo.

Baba mdogo Sadiki ameshazikwa, na nilikwenda mazikoni nikala pilau yake. Zaidi ya kumtaja jina sina la kumwongezea.

Nisiwachoshe na miaka ya katikati. Nilibeba dagaa kichwani kutoka Katonga hadi Ujiji tangu sina kifua mpaka nikawa na wajukuu. Shingo yangu hii ingekuwa na mdomo ingewasimulia nyinyi badala yangu. Nilipopokea upatu, badala ya kununua kabati la vyombo kama wenzangu, nilinunua pikipiki iliyotumika kutoka kwa mtumishi mmoja wa serikali aliyekuwa anahamishiwa mkoa mwingine. Watu walisema! "Mwanamke mtu mzima na mtandio wake juu ya pikipiki, ziwa litakauka." Ziwa halijakauka. Dagaa wangu walianza kufika sokoni kabla ya wa wengine, na kwa mara ya kwanza maishani nikawa nalala bila kukandwa shingo.

Halafu majuzi ikaanza kukohoa. Asubuhi haiwaki, ikiwaka inatoa moshi, ikipanda mlima inakata pumzi. Siku hiyo natoka Bangwe na kapu la dagaa nyuma, ikanizimikia katikati ya kilima. Vijana wa bodaboda, Mungu awabariki, wakanishukia kunisaidia. Wakaisukuma wanaitania, "Mama Tatu, umeizoesha ugali wa muhogo imevimbiwa!" Wakaipeleka kwa fundi wanayemjua wao. Nilipoinua macho nikaliona banda. Lilelile, isipokuwa bati limebadilishwa na mashine za boti zimepisha pikipiki.

"Shikamoo, Mzee Maulidi."

"Marahaba, Mama Tatu. Leo chombo kimegoma?"

Ndevu zimekuwa nyeupe, tambara bado liko begani. Mkwewe Yusufu alikuwa amekaa kwenye tairi anachokonoa meno. Maulidi akapiga kiki, moshi ukatoka, akatikisa kichwa. Akafungua plagi bila kufuta mchanga uliokuwa umeizunguka. Enzi zetu mtoto akifanya vile alipigwa kofi na Maulidi huyuhuyu, maana mchanga ukidondoka ndani umeua mashine kweli. Akaitoa, akaniinulia. Nyeusi, imelowa, inang'aa kwa mafuta.

"Unaona mwenyewe. Ringi zimekwisha, pistoni imekwisha, inakula oili." Akashusha sauti, ikawa ile ya msiba. "Pole, Mama Tatu. Mashine imekufa."

Maneno yaleyale. Na kabla sijameza mate, Yusufu alikuwa ameshainuka kwenye tairi, mkono uko juu ya tangi langu.

"Mama mkubwa, usihangaike. Mimi naichukua kama chuma chakavu, nakupunguzia usumbufu."

Wenzangu! Niliiona shingo yangu inarudi chini ya ndoo. Niliona kilima cha Bangwe nakipanda kwa miguu mpaka siku ya kufa. Nikahisi na ule mfinyo wa paja, kama wa jana: nyamaza, wakubwa wakisema unafunga mdomo. Na kweli nilikaribia kufunga. Mazoea ni kitu kibaya. Lakini sasa mkubwa pale ni nani, kama si mimi na mvi zangu?

"Naomba hiyo plagi," nikasema.

"Ya nini? Kitu kimekufa."

"Naomba niinuse."

Vijana walicheka mpaka mmoja, Shaibu, yule mwenye kofia ya kinyumenyume, akatoa simu. "Mama, usijichoshe pua. Ngoja niipige picha, niiulize simu."

"Simu yako ina pua?"

"Haina, mama."

"Basi ikae kimya, waongee wenye pua."

Nikaisogeza. Kwanza ikaja petroli, kali, ikapita. Yakaja masizi. Halafu nyuma yao kabisa, kama mtu aliyesimama upande wa pili wa pazia, nikamsikia mama anakaanga migebuka. Nikainusa tena nisije nikawa najidanganya kwa hamu. Ilikuwa kweli. Nikataka kucheka na kulia, nikafanya kimoja tu: nikaagiza koleo.

Jirani na banda pana dada mmoja, Mama Anjela, anauza mihogo ya kuchoma. Nikamwomba jiko. Kutoka kwenye lundo la takataka za Maulidi nikaokota plagi nyingine, nikawauliza vijana inatoka wapi. "Hiyo ya pikipiki ya Kasimu," wakasema, "ile iliyokula oili kwelikweli, alibadilisha mpaka pistoni." Nikazifuta zote mbili, nikaziacha juani mpaka petroli ikaisha, maana sikutaka kumchoma Mama Anjela na mihogo yake. Maulidi alikuwa anajishughulisha na spana isiyokuwa na kazi.

Nikaanza na ya Kasimu juu ya mkaa. Harufu ya oili iliyoungua, kali, ya kukausha koo, kama lori bovu limepita uani. Wote wakaziba pua. "Hiyo ndiyo mashine inayokula oili," nikawaambia. Nikaitupa pembeni, nikabana ya kwangu, nikaipitisha polepole.

Mwanzo kimya. Kikapanda kimoshi chembamba. Nikaanza kuona aibu inanipanda nacho, kwa sababu pua ya mtu mmoja si ushahidi, hasa ya mtu mwenye kinyongo. Ndipo nyuma yetu akasimama mzee mmoja na baiskeli yake, mpita njia tu, hajui linaloendelea wala hajaona nani kashika nini.

"Salaam aleikum. Mama Anjela, leo una migebuka? Imeiva? Nifungie miwili nipeleke nyumbani."

Mama Anjela akajishika kiuno.

"Babu, mimi nauza mihogo. Migebuka imo kwenye pikipiki ya Mama Tatu!"

Wee! Kicheko kilichopasuka pale, hata kunguru waliruka. Shaibu alilala chini na simu yake. Yule mzee alibaki kaduwaa, ananusa hewa, "Lakini mbona mawese yananukia? Si mawese haya?" Kila mtu anaijua harufu ile. Hakuna mtu wa Kigoma wa kudanganywa juu ya mawese, hata akiwa amefunga macho, hata akiwa mkwe wa fundi. Yusufu aliondoa mkono kwenye tangi taratibu, kama limepata moto.

"Petroli nilinunua ya chupa kwa Issa wa Bangwe," nikasema. "Issa huyo huyo anauza mawese ya Ilagala, na madumu yake ni yaleyale. Fungua kikombe cha kabureta tuone."

Maulidi hakusogea. Nikachukua spana kwake, nikafungua mwenyewe. Chini ya kikombe palikuwa na uji mwekundu, umeganda, mzuri hata ungeuweka kwenye maharage. Nikauzungusha kwa watu wote, wauone.

"Nani kakufundisha haya?" Maulidi akauliza, sauti ya msiba imemtoka.

Niliipeleka plagi nyuma ya mgongo, nikaitoa ghafla mbele ya pua yake.

"Ya nani?"

Nilimwona akirudi miaka yote ile kwa mkupuo mmoja. Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu, si kama mteja.

"Ya Mzee Bilali," akasema polepole. "Wewe... wewe ni mtoto wa marehemu. Zai."

"Na ile ya kahawia uliyoirusha kwa haraka, mama yangu akiwa eda? Ilikuwa ya nani?"

Vijana waliacha kucheka. Hawakujua habari yenyewe lakini walijua kwamba kitu kimeingia pale. Maulidi alilivua tambara begani, akafuta mikono iliyokuwa haina kitu.

"Ya baba yako."

"Ilikuwa imekufa?"

"Ilikuwa nzima," akasema. "Sadiki alinishika mkono kwa pesa."

Basi. Hayo ndiyo niliyoyataka, mbele ya watu, mchana kweupe, kwa mdomo wake. Aliniomba radhi pia, wala sitamnyima hilo. Nikamwambia radhi ataipeleka kwa mama, mimi sina ruhusa ya kuigawa. Na mpaka naandika hapa, sijamsamehe. Wapo watakaosema nimekuwa na roho ngumu. Hao hawakubeba ndoo zangu.

Kazi iliyobaki niliifanya mimi, na yeye akasimama pembeni kunipa vifaa. Tulimwaga petroli yote, tukasuuza tangi na kabureta kwa petroli safi ya kituoni aliyoifuata Shaibu. Plagi mpya ilitoka duka la ng'ambo ya barabara, ya namba ileile. Nikaufuta mchanga kwanza, kwa utulivu, huku namtazama Maulidi. Uwazi wa ncha nikaupima kwa kipande cha msumeno wa chuma, kiingie bila kulazimishwa, kisitikisike. Nikaichomeka kwenye kofia yake, nikaigusisha ubavuni mwa mashine, Shaibu akapiga kiki: cheche ya bluu, ta! ta! Nikaifunga kwa vidole mpaka ikakaa yenyewe, ndipo nikaimalizia kwa spana, kidogo tu. Anayeanza na spana anakula nyuzi za plagi, halafu analia.

Nikapanda. Nikapiga kiki. Ikakohoa, ikaguna, ikatema moshi wa mwisho wa mawese ya Issa, kisha ikanguruma. Jamani! Vijana walipiga miluzi, Mama Anjela akapiga vigelegele na muhogo mkononi, yule babu wa baiskeli akapiga makofi bila kuelewa ni harusi ya nani. Shaibu akasema, "Shikamoo, fundi!" Nikamjibu, "Marahaba, na hiyo simu uitafutie pua."

Nawacheka vijana hawa lakini wananitia huruma. Wanajua mambo ya dunia nzima, na harufu ya jikoni kwao lazima waulize. Sisi tulikuwa na mchanga, plagi za kuokota na mtu mzima mmoja wa kutuamulia mchezo, hata kama mtu mwenyewe baadaye aligeuka mwizi. Alichotufundisha hakuweza kukiiba tena. Hilo ndilo linalonichekesha mpaka leo nikiwa peke yangu barabarani.

Mama yangu bado yupo. Macho yamepungua nuru, masikio ni yaleyale. Siku hizi anakaa kizingitini na tasbihi yake, mtaa unapita mbele yake kwa sauti tu. Nilipokata kona kuingia mtaani nikaongeza mafuta makusudi, mashine ikalia kwa afya, ikarudi kwenye kuta. Jirani akaniambia baadaye kwamba mama alikuwa anazungumza naye, akanyamaza ghafla, akainua mkono ili wote wanyamaze.

Nikazima uani. Nikamwekea ile plagi kuukuu kiganjani, nikamsimulia yote, mpaka neno la Maulidi la mwisho. Aliipapasa shingo yake, akaisogeza puani, akanusa. Kisha mkono wake ukanitafuta, ukalifikia paja langu, palepale pa siku ile, ukapasugua kama anayefuta kitu.

"Nilikufinya bure, mwanangu," akasema.

Wakati ule mashine yetu ilipita mbali, juu ya maji, na mama akainamisha kichwa. Safari hii iliingia mpaka uani. Jirani anasema mama alipoisikia kwenye kona aliinua kichwa, akatabasamu, akasema kwa sauti ya kusikika nyumba tatu:

"Hiyo yetu."